Saratani na Uraibu Meza Moja

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa panya. Panya hao walinyweshwa maji yenye nikotini kwa siku saba, kisha wakaongezewa kokeini kwa siku nne. Waliipokea kokeini kwa nguvu kubwa kuliko wenzao waliokuwa wamekunywa maji matupu: walihangaika zaidi, na walipendelea zaidi chumba walichozoea kupewa kokeini. Watafiti wakageuza mpangilio, kokeini ikatangulia na nikotini ikafuata. Hapo hawakuona ongezeko lolote. Nikotini ilikuwa ikiutayarisha ubongo kwa ajili ya kokeini. Kokeini haikuutayarisha kwa ajili ya nikotini.

Walipochunguza jinsi nikotini inavyofanya kazi hiyo, waliikuta athari yake ndani ya viini vya seli za ubongo. Nikotini ilikuwa imepunguza nguvu ya vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuondoa alama ndogo za kikemia, ziitwazo asetili, kwenye protini zinazobeba DNA. Alama hizo zikabaki nyingi kuliko kawaida, jeni iitwayo FosB ikawa nyepesi kuamka, na kokeini ilipoingia iliikuta iko tayari. Ili kuhakikisha, watafiti walichukua kemikali nyingine inayovizuia vimeng'enya hivyohivyo na kuwapa panya badala ya nikotini. Matokeo yakafanana.

Kemikali hiyo inaitwa SAHA. Madaktari wa saratani wanaijua kwa jina la vorinostat, kwa sababu tangu 2006 imeidhinishwa nchini Marekani kutibu aina ya saratani ya limfu inayojitokeza kwenye ngozi. Ronald Breslow, mmoja wa wanakemia walioibuni, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu hichohicho cha Columbia. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi pamoja na Paul Marks, daktari aliyeongoza kituo cha saratani cha Memorial Sloan Kettering katika jiji hilohilo.

Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa kumsaidia mgonjwa wa saratani ndiyo iliyoshika nafasi ya sigara katika ubongo wa panya. Sijapata habari nyingine ya sayansi inayoonyesha waziwazi hivi kwamba saratani na uraibu, magonjwa tuliyozoea kuyatenganisha hospitalini, mahakamani na hata msibani, yanatumia vyombo vilevile ndani ya seli. Mgonjwa wa saratani tunamwendea na uji na dua. Teja tunamfungia geti. Tofauti hiyo tumeiweka sisi, seli haiijui.

Ni vizuri kueleza vyombo hivyo ni vipi. Kila seli ya binadamu yenye kiini ina DNA yenye urefu wa mita mbili hivi, iliyozungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Ujumbe wa DNA hiyo ni uleule kwenye ini, kwenye ngozi na kwenye ubongo, ilhali ini haligeuki ngozi. Aliyejifunza kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu ataelewa upesi: herufi zimekaa palepale, lakini irabu zinazowekwa juu na chini yake ndizo zinazoamua neno lisomwe vipi, na irabu zinaweza kufutwa na kuwekwa upya bila kuzigusa herufi. Katika seli, alama mbili zinazojulikana zaidi ni methili, ambayo hukaa juu ya DNA yenyewe na mara nyingi huinyamazisha jeni, na asetili, ambayo hukaa kwenye histoni na kuilegeza DNA ili isomwe. Viko vimeng'enya vya kuweka alama, vya kuziondoa, na protini za kuzisoma. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki. Jina lilitolewa na Conrad Waddington wa Uingereza mwaka 1942, kabla mtu yeyote hajajua kemia yake. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake katika Taasisi ya Rockefeller, New York, walionyesha kwamba asetili kwenye histoni inahusiana na usomaji wa jeni. Wengi hawakuitilia maanani kwa miaka 30. Mwaka 1996 maabara mbili, moja ya David Allis na nyingine ya Stuart Schreiber, zilivipata vimeng'enya vyenyewe, cha kuweka na cha kuondoa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kasi.

Upande wa saratani ulitangulia, na ulipita Afrika. Peter Jones alikulia Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Miaka ya 1970 alikuwa akiijaribu dawa iitwayo 5-azasitidini, iliyotengenezwa Prague mwaka 1964 kama sumu ya kuua seli za saratani. Aliiweka dawa hiyo kwenye seli za panya zilizokuwa zikikua katika sahani za maabara. Seli ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na misuli ziligeuka kuwa misuli halisi yenye uwezo wa kujikunja. Makala ya 1977 yaliyotangaza jambo hilo aliyaandika pamoja na Constantinides na Wieland Gevers, mwanabiokemia wa Afrika Kusini. Miaka mitatu baadaye, akiwa Los Angeles pamoja na Shirley Taylor, Jones alieleza sababu: dawa ile ilikuwa inazuia kuwekwa kwa methili kwenye DNA, na jeni zilizokuwa zimenyamazishwa zikaanza kusema.

Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Andrew Feinberg na Bert Vogelstein walilinganisha uvimbe wa saratani ya utumbo mpana na nyama nzima ya wagonjwa walewale, wakakuta seli za saratani zimepoteza methili kwenye jeni walizozichunguza. Baadaye Stephen Baylin wa chuo hichohicho, pamoja na wengine, walionyesha upande wa pili: seli hizohizo hujaza methili mahali pasipostahili, kwenye jeni ambazo kazi yake ni kuizuia seli isizaliane ovyo. Jeni haijavunjika. Herufi zake zote zipo. Imenyamazishwa tu.

Hilo liliwapa madaktari tumaini jipya, kwa kuwa kilichonyamazishwa kinaweza kuamshwa. Lakini tumaini hilo lilichelewa sana kuwa dawa. Azasitidini ilipotolewa kwa dozi kubwa ilidhuru wagonjwa mno, na ilihitaji watu wenye subira kugundua kwamba dozi ndogo, inayorudiwarudiwa, ndiyo inayofaa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa wa uboho ambao wakati mwingine huishia kuwa saratani kali ya damu. Kutoka Prague hadi kwenye dirisha la famasi ni miaka 40. Wanaolalamika kwamba serikali zinatupa fedha kwenye utafiti usioleta matokeo wakati wa bunge moja wangeikumbuka hesabu hiyo.

Waliobeba kazi hii ni watu, na watu hao huwa hatuwaoni. Katika makala ya kisayansi ya fani hii, jina la mkuu wa maabara huja mwisho na jina la aliyeifanya kazi kwa mikono huja mwanzo. Katika makala ya Columbia ya 2011 jina la kwanza ni Amir Levine. Majina ya mwisho ni Denise Kandel na Eric Kandel, mke na mume. Eric alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake ya kumbukumbu, aliyoifanya hasa kwa konokono wa baharini asiye na gamba la nje. Denise hakuwa mtu wa maabara. Yeye ni mtaalamu wa kufuatilia maisha ya watu kwa takwimu. Mwaka 1975, kwa kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari katika jimbo la New York, alionyesha kwamba vijana huanza na pombe na sigara, wachache kati yao huendelea kwenye bangi, na wachache zaidi huendelea kwenye dawa nzito. Nadharia yake ya lango ilibishaniwa kwa miongo mitatu na nusu. Wapinzani wake walisema, kwa haki kabisa, kwamba kutangulia si kusababisha: huenda kijana anaanza na sigara kwa sababu ndiyo inayouzwa dukani. Jaribio la panya lilikuwa jibu la nyumba moja, mke akiwa na swali na mume akiwa na maabara. Halikumaliza ubishi kuhusu vijana wa kweli, maana panya hawana duka wala marafiki wa kuwashawishi. Lilithibitisha kwamba lango linaweza kuwepo katika mwili wenyewe.

Nyuma ya majina hayo kuna wanafunzi wa uzamivu na watafiti vijana wenye mikataba mifupi. Panya aliyewekwa kwenye dozi ya siku saba hajui Jumamosi wala sikukuu, kwa hiyo mtu lazima aje. Ubongo mzima wa panya hauzidi nusu gramu, na sehemu inayotafutwa ni punje ndani yake, kiasi kwamba mara nyingi hulazimu kuchanganya nyama ya panya kadhaa ili kupata kipimo kimoja. Kisha seli hupasuliwa, protini zenye alama ya asetili hukamatwa kwa kingamwili, DNA iliyoshikamana nazo husomwa, na kompyuta hupewa mamilioni ya vipande vya kupanga. Hatua moja ikiharibika, wiki kadhaa zimepotea pamoja na uhai wa wanyama wale. Kazi hii huvutia vijana kutoka kila pembe ya dunia, na wengi wao wanajua kwamba dawa itakayotokana nayo, ikitokea, huenda wakaipata wakiwa wamestaafu. Nawaheshimu kwa hilo.

Maabara ninayoiona kuwa mfano bora wa kuziweka saratani na uraibu meza moja ni ya Shelley Berger katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jijini Philadelphia. Mwaka 2015 kundi lake lilieleza jambo kuhusu p53, jeni inayoharibika katika saratani nyingi kuliko jeni nyingine yoyote: baadhi ya protini za p53 zilizoharibika huenda kuviamsha vimeng'enya vinavyoweka alama kwenye histoni, na saratani ikakua kwa msaada wa alama hizo. Mwaka uliofuata kundi hilo likatangaza utafiti wa sisimizi wa Florida. Sisimizi wakubwa wa jamii hiyo, wenye kazi ya ulinzi, kwa kawaida hawaendi kutafuta chakula; kazi hiyo ni ya wadogo. Wakubwa walipodungwa kwenye ubongo, wakiwa bado wachanga, dawa inayovizuia vimeng'enya vya kuondoa asetili, walianza kwenda kutafuta chakula. DNA yao haikuguswa.

Utafiti wao wa 2019 ndio unaomhusu moja kwa moja msomaji wa Eldoret, Moshi au Mbeya, kwa sababu unahusu pombe.

Mtu anapokunywa pombe, iwe bia ya kiwandani, mbege, busaa, gongo au chang'aa, ini huivunja kwa hatua mbili. Kwanza huigeuza kuwa asetaldehaidi, kisha asetaldehaidi huigeuza kuwa asetati. Asetati ilidharauliwa kwa muda mrefu kama mabaki yasiyo na madhara, yanayosambaa na damu hadi yatumike. Kundi la Berger, Philipp Mews akiwa mwandishi wa kwanza, liliwapa panya pombe yenye haidrojeni nzito ili waweze kuifuatilia popote itakapokwenda. Kwa kutumia mashine za kupima uzito wa molekuli waliikuta haidrojeni hiyo kwenye histoni za ubongo. Yaani sehemu ya pombe ile, ikiwa imekwishavunjwa na ini, ilikuwa imefika katika viini vya seli za ubongo na kugeuzwa kuwa alama za asetili kwenye histoni.

Kinachoigeuza asetati kuwa malighafi ya alama hizo ni kimeng'enya kiitwacho ACSS2. Watafiti walipokipunguza kimeng'enya hicho katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu za mahali, tabia ya panya ilibadilika. Panya wa kawaida akizoea kupewa pombe katika chumba fulani, atakirudia chumba hicho hata pombe isipokuwepo. Panya waliopunguziwa ACSS2 hawakuonyesha mapenzi hayo. Walikuwa wamepewa pombe, lakini ubongo haukukifunga chumba pamoja nayo. Mraibu yeyote wa pombe aliyejaribu kuacha anaijua hatari ya kupita karibu na kilabu alichozoea, na mke wake anaijua pia. Sasa tunajua, angalau kwa panya, njia moja ambayo kwayo pombe yenyewe husaidia kukiandika kilabu hicho ndani ya seli.

Jambo moja la utafiti huo lazima liwafikie wakunga na kina mama. Panya wajawazito walipopewa pombe yenye haidrojeni nzito, alama zilionekana pia kwenye ubongo wa watoto waliokuwa tumboni.

Turudi kwenye ile hatua ya kwanza, asetaldehaidi. Hii hushambulia DNA yenyewe. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, uliitangaza pombe kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu tangu 1988, na mwaka 2009 ukaiongeza asetaldehaidi inayotokana na unywaji katika kundi hilohilo la kwanza. Saratani ya umio ni mojawapo ya zinazohusika, na ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kuendelea kusini, ni miongoni mwa maeneo yanayoumia zaidi kwa saratani hiyo duniani. Utafiti uliofanyika Eldoret na kuchapishwa 2019, mwaka uleule wa panya wa Philadelphia, ulionyesha kwamba pombe za kienyeji na za kiwandani zinachangia sehemu kubwa ya hatari hiyo kwa wanywaji wa huko, busaa na chang'aa zikiwemo.

Kwa hiyo kinywaji kimoja kinapita hatua mbili na kuacha vitu viwili. Cha kwanza kinaharibu herufi za DNA na kuileta saratani karibu. Cha pili kinageuzwa kuwa alama kwenye histoni na, tukiwafuata panya wale, kumfundisha mnywaji kurudi. Anayerudi hukiongeza cha kwanza. Sioni tunawezaje kuendelea kuzungumzia saratani ya umio katika mikutano ya madaktari na ulevi katika mikutano ya wachungaji na masheikh, kana kwamba ni habari mbili.

Tumbaku nayo ina ushahidi wake, na huu ni wa binadamu. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha vipimo vya damu vya watu karibu 16,000 kutoka makundi 16 ya utafiti, wakakuta alama za methili zilizobadilishwa na uvutaji kwenye jeni zaidi ya 7,000. Alama moja, kwenye jeni iitwayo AHRR, ina uhakika kiasi kwamba kwa kipimo cha damu inaweza kumtenganisha mvutaji na asiyevuta vizuri sana. Habari njema ni kwamba kwa walioacha, alama nyingi zilirudi karibu na hali ya mtu asiyewahi kuvuta ndani ya miaka mitano. Habari nzito ni kwamba chache zilibaki hata baada ya miaka 30. Makundi yote 16 yalikuwa ya Marekani na Ulaya. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mvutaji wa Mombasa hawamo katika hesabu hiyo, na hilo ni pengo ambalo vyuo vyetu vinaweza kulijaza, maana damu hukusanywa kila siku hospitalini na maarifa ya kuipima yapo.

Nisieleweke kwamba dawa ya uraibu imepatikana. Haijapatikana kwa njia hii. Azasitidini na vorinostat ni dawa za saratani chache, hasa za damu na limfu. Kwenye uvimbe mgumu kama wa titi au utumbo hazijafanya makubwa zikitumika peke yake. Kwa uraibu hakuna dawa ya aina hii iliyoidhinishwa, na jaribio lile la SAHA lenyewe linaonyesha kwa nini tahadhari inahitajika: SAHA iliikuza nguvu ya kokeini, ilhali vimeng'enya vya aina hiyohiyo, vikizuiwa wakati mwingine au kwa muda mrefu zaidi, vimetoa matokeo ya kinyume katika panya wengine. Wala nisieleweke kwamba mtoto wa mlevi amerithi ulevi kwa alama za epijenetiki. Katika mamalia, sehemu kubwa ya alama hizo hufutwa mbegu na mayai yanapotengenezwa, na hufutwa tena mimba inapoanza. Ushahidi wa kurithishana alama za uraibu kwa binadamu ni dhaifu, na anayewauzia wazazi hofu hiyo anawadanganya.

Kinachonisumbua ni kwamba sayansi imekwenda mbali kuliko hukumu zetu. Mwaka 1971 rais mmoja wa Marekani, Richard Nixon, alifanya mambo mawili. Mwezi Juni aliyatangaza matumizi mabaya ya dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Mwezi Desemba alisaini sheria ya kitaifa ya saratani na kuiongezea fedha taasisi yake. Kwa haki yake, mwanzoni alitenga fedha nyingi kwa matibabu ya waraibu pia. Lakini miaka ilivyokwenda vita vya kwanza vilijaza magereza na vita vya pili vilijenga hospitali. Dunia nzima, sisi tukiwemo, ikafuata mgawanyo huo. Hata ruzuku za utafiti huko Marekani hutoka ofisi tofauti: taasisi ya saratani ilianzishwa 1937, ya pombe 1970, ya dawa za kulevya 1974. Mtafiti mwenye swali moja kuhusu asetili anaweza kulazimika kuliandika mara tatu.

Mgawanyo huo una gharama kwetu. Mwaka 1965, katika taasisi ileile ya Rockefeller ambako Allfrey alikuwa akichunguza histoni, Vincent Dole na Marie Nyswander walitangaza kwamba methadoni inaweza kumshikilia mraibu wa heroini asianguke, akafanya kazi na kuishi na watu wake. Ilichukua hadi Februari 2011 kwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kufungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Huo ulikuwa mwaka uleule wa panya wa Columbia. Kwa miaka 46 katikati, dawa ilikuwepo na ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni kukubali kwamba mtu wa unga ni mgonjwa. Mateja wangapi wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa walizikwa katika miaka hiyo, wengine wakiwa na virusi vya UKIMWI walivyovipata kwa sindano za kushirikiana, hakuna maabara itakayotuambia.

Kwa kawaida mgonjwa wa methadoni hufika kliniki kila siku, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu na kuondoka. Kuna watu wanaoona hilo ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wangeangalia jinsi azasitidini inavyotolewa: dozi ndogo, mizunguko mingi, miezi mingi, na mara nyingi ugonjwa hurudi dawa inaposimamishwa. Hakuna anayemlaumu mgonjwa wa damu kwa hilo, wala anayemwambia kwamba angekuwa na nia angepona.

Nia ipo, na ninaamini mraibu anawajibika kwa anachokiiba na anayemuumiza. Lakini nia hufanya kazi katika ubongo, na ubongo uliowekewa alama hizi kwa miaka unampa mtu kazi ngumu kuliko aliyonayo jirani yake anayemhukumu. Ile hesabu ya sigara, miaka mitano kwa alama nyingi na 30 bila kufutika kwa chache, inatosha kutuonyesha kwa nini wiki sita za kufungiwa chumbani, au miezi mitatu ya gereza, haziwezi kuwa matibabu.

Kwa wenye kupanga bajeti za afya nina maombi mawili. Kliniki za saratani ziwe na mtu wa kumsaidia mgonjwa kuacha sigara na pombe palepale, bila kumtuma jengo lingine na bila kumwaibisha. Na kliniki za methadoni zisibaki mijini tu, kwa sababu heroini haikubaki mijini. Kwa familia ombi ni moja. Ndugu yenu akiacha kwa miezi sita kisha akaanguka, msimfungie geti. Mrudisheni kliniki kesho yake asubuhi.